Nyumba Isiyohitaji Mwenyeji

Kuna swali ambalo ukilisikia mara ya kwanza linaonekana la kipuuzi: mtu akiwa na gari lenye kitanda, jiko, maji na stima yake mwenyewe, bado anaweza kuwa mgeni wa mtu? Simaanishi mgeni wa kupitia tu na kusema salamu. Namaanisha mgeni kamili, yule anayebisha hodi jioni akiwa na vumbi hadi kwenye kope, na mwenye nyumba anampa maji kabla ya kumuuliza jina.

Nauliza kwa sababu binamu yangu, binti ya eddo, yaani shangazi yangu, anatengeneza gari kama hilo hapa Waberi, mjini Garissa. Alinunua HiAce kuukuu ya dizeli, ile ya umbo la zamani ambayo watu wa steji huiita Shark. Ilikuwa matatu ya viti 14. Ukitazama ubavuni bado utaona kivuli cha ule mstari wa njano ulioletwa na sheria za Michuki mwaka 2004, pamoja na mikanda na kidhibiti mwendo cha kilomita 80 kwa saa. Amepaka rangi nyeupe juu ya mstari huo mara mbili na bado unachungulia.

Kazi yake ni ya kandarasi fupi fupi, kukusanya takwimu za miradi ya maji na afya. Wiki tatu Ijara, mwezi mmoja Lagdera, miezi miwili Wajir. Kila kandarasi inaanza na swali lilelile: nitalala wapi? Lojing'i zinakula posho yote, na zile za bei nafuu mlango wake haufungi vizuri. Kwa hiyo aliamua kuwa mlango ataubeba yeye mwenyewe.

Wacha niseme kidogo kuhusu kazi yenyewe, kwa sababu hapo ndipo picha za intaneti hudanganya. Mtandaoni unaona msichana anakunywa kahawa mlango wa gari ukiwa wazi, bahari mbele yake. Huoni kutu. Ukiondoa raba ya sakafu kwenye gari lililobeba abiria miaka mingi, unakuta historia nzima ya soda zilizomwagika. Fundi wa kuchomelea alikata vipande viwili vya sakafu vilivyooza, akaweka bati jipya na rangi ya kuzuia kutu. Juu yake zikaja mbao nyembamba, kisha plaiwudi ya milimita 12. Upana wa ndani ni kama mita moja na nusu, na binamu yangu ni mrefu, kwa hiyo kitanda hakiwezi kulazwa kimkato. Kinafuata urefu wa gari, na chini yake ndiko kunakokaa kila kitu anachomiliki. Jiko liko nyuma kabisa ili apike mlango ukiwa wazi, maana mtungi wa gesi wa kilo 6 ndani ya chumba kisichopitisha hewa si kitu cha kuchezea.

Vita yenyewe huku kwetu ni joto. Nyuzi 35 kivulini ni siku ya kawaida Garissa, na bati lililoegeshwa juani halina huruma. Alibandika foili na sponji kwenye dari na kuta, lakini kuna jambo ambalo fundi wa Nairobi hakumwambia: ukizuia joto lisiingie mchana, usiku linakataa kutoka. Dawa ni hewa kupita. Tundu moja chini, tundu lingine juu ya paa lenye feni, kwa sababu hewa moto hupanda. Feni ya wati 20 ikizunguka saa 10 inakula wati-saa 200. Paneli moja ya sola ya wati 100, kwa saa tano za jua zuri, inatoa 500 kwenye karatasi. Ukitoa hasara ya joto na waya, hesabu 400. Simu, laptopu na taa zinagombania zilizobaki. Friji, sahau. Maji ni mitungi mitatu ya lita 20, na hizo ni kilo 60 ambazo injini itazibeba kila kilima, ingawa kusema kweli vilima kwetu si vingi.

Ni siku ya kuweka hiyo mitungi ambapo nyanya yetu, Ayeeyo, aliletwa kuliona gari. Alilizunguka mara moja, akaligonga bati kwa fimbo yake. Akasema kwa Kisomali maneno ambayo nitayatafsiri hivi: aqal yenu ni nzito, na ngamia wake anakunywa mafuta. Tukacheka. Kisha akamgeukia binamu yangu na kumuuliza, "Nani atakusaidia kupakia?"

Binamu alimweleza kwamba hakuna kupakia. Kila kitu kimefungwa kwa skrubu. Unageuza ufunguo, unaenda. Ayeeyo hakuonekana kuridhika, na mimi nimekaa na swali lake tangu siku hiyo.

Aqal ni nyumba ya wafugaji wa Kisomali. Wengine huku huiita herio. Ni fito zilizopindwa kama mbavu, juu yake mikeka iliyosukwa kwa mkono na ngozi, vyote vimefungwa kwa kamba. Ni kazi ya wanawake kuanzia mwanzo hadi mwisho: wanasuka mikeka, wanasimamisha nyumba, wanaivunja siku ya kuhama, wanaipakia. Na nyumba ni ya mwanamke. Harusi yenyewe kwa Kisomali huitwa aqal gal, kuingia nyumba. Mtaalamu wa usanifu Labelle Prussin alitoa kitabu kizima mwaka 1995 kuhusu majengo ya wahamaji wa Afrika, wakiwemo Wagabra, Warendille na Wasomali, na hoja yake kubwa ilikuwa hiyo: wasanifu wa nyumba hizi ni wanawake. Akaonyesha pia jinsi nyumba inavyojibeba. Fito zilezile zinazoshikilia paa ndizo zinazogeuka kuwa sehemu ya tandiko, na mikeka ileile inayozuia jua ndiyo inayolinda mgongo wa ngamia. Ukilinganisha na hiyo, plaiwudi yetu ya milimita 12 ni kazi ya wanafunzi.

Sasa, mzigo wa ngamia lazima ulingane pande zote mbili. Unahitaji mtu huku na mtu kule, mmoja avute kamba mwingine ashikilie. Mtu mmoja peke yake hawezi kuhamisha aqal. Na kabla ya kuhama, vijana hutumwa kwanza kupeleleza malisho na maji, hiyo inaitwa sahan. Wanarudi na habari, wazee wanakaa, wanabishana, ndipo safari inaamuliwa. Mtu wa mjini akisikia neno "kuhamahama" anamuwaza mtu aliyejikata kamba, asiye na mtu wala jambo. Mfugaji wa kweli huenda ndiye mtu asiyewahi kuwa peke yake maishani. Hata akienda kilomita 100, kijiji kizima kimehama naye. Gari la binamu yangu linafanya kinyume: linaihamisha nyumba na kuwaacha watu.

Nilimwambia hivyo. Jibu lake lilinifunga mdomo kwa siku mbili.

"Mimi nimechoka kuwa mgeni," alisema.

Akanieleza. Sisi wanaume tukifika boma la watu tunatandikiwa mkeka. Chai inakuja, maziwa ya ngamia yanakuja, kukiwa na nyirinyiri inakuja, tunakula na kuzungumza siasa. Yeye akifika boma hilohilo anapewa maji, halafu baada ya dakika 20 yuko jikoni. Ameandika dodoso tangu alfajiri, miguu imevimba, na sasa anakata vitunguu na kujibu maswali. Umeolewa? Kwa nini bado? Baba yako anajua uko huku? Hakuna ubaya ndani yake, alisema, wananipenda kweli. Lakini kila usiku nalipa kodi ya nyumba kwa maelezo ya maisha yangu.

Tunausifu sana ukarimu wa Wasomali, ule wa kumpokea marti, mgeni, hata ukiwa huna kitu, na mimi ni wa kwanza kuusifu. Ila tukiuliza nani alikamua, nani alichemsha, nani alilala mwisho na kuamka kwanza, tunakuta mikono ileile iliyosuka mikeka ya aqal. Mwanamme aliyeketi mkekani hutoa sifa na kupokea sifa. Kama ukarimu ni fadhila, basi una akaunti mbili, na moja haijawahi kukaguliwa. Kwa hiyo mwanamke anayesema "nitabeba kitanda changu na maji yangu, nisimsumbue mtu na nisisumbuliwe" simuoni akikataa utamaduni. Anaomba likizo ya zamu ambayo hakuna mwanamme aliyewahi kuifanya.

Na bado swali la Ayeeyo halijaondoka.

Mafundi pale gereji, kwa kukosa jina lingine, wanaliita gari la kambi. Kwa mtu wa Nairobi neno hilo lina harufu ya Naivasha, moto wa kuni na gitaa. Huku Kaskazini Mashariki kambi haijawahi kuwa likizo. Kuna kambi za jeshi. Kuna kambi za miaka ya 1966 na 1967, wakati wa vita vya Shifta, serikali ilipowakusanya wafugaji katika vijiji vya lazima ili iweze kuwahesabu na kuwachunga. Mifugo haiwezi kuishi mahali pamoja katika nchi ambayo mvua hunyesha hapa leo na kule mwezi ujao. Kumkalisha mfugaji ni kumnyang'anya mali bila kuigusa. Familia nyingi ziliingia zikiwa na ngamia na kutoka zikiwa na sufuria.

Halafu kuna Dadaab, hapa hapa katika kaunti yetu. Ifo, Dagahaley na Hagadera zilifunguliwa 1991 na 1992 kama makazi ya muda. Kuna watu waliozaliwa humo, wakaoa humo, wakazaa humo. Kwa miaka mingi nyumba zao zilitakiwa zionekane za muda, na wenyewe hawakuruhusiwa kutoka bila kibali cha kusafiri. Tafakari hilo jambo. Nyumba isiyosogea hata hatua moja kwa zaidi ya miaka 30 inaitwa ya muda. Na gari la binamu yangu, ambalo kazi yake yote ni kusogea, litaitwa nyumba yake na hakuna atakayembishia. Tofauti haiko kwenye kuta wala kwenye magurudumu. Iko kwenye nani ana karatasi zinazomruhusu kuondoka na kurudi.

Karatasi tunazijua. Tangu mwaka 1902 wakoloni walikuwa na sheria ya kuzifunga wilaya za pembezoni, kuingia na kutoka kwa kibali. Mwaka 1934 wakaongeza sheria ya wilaya maalum. Uhuru ulipokuja, Desemba 1963, hali ya hatari ilitangazwa huku kabla bendera haijachakaa, na haikuondolewa hadi 1991. Mwaka 1989 Wakenya wa asili ya Kisomali walipigwa msasa na kupewa kadi ya ziada, ya rangi ya waridi, kuthibitisha kwamba ni Wakenya. Katiba ya 2010, kifungu cha 39, inasema kila raia ana haki ya kuingia, kukaa na kuishi popote nchini. Na ni Februari 2025 tu, rais akiwa Wajir, ndipo msasa wa ziada wa vitambulisho kwa watu wa kaunti za mpakani ulitangazwa kufutwa. Kuna vijana waliokosa kitambulisho kwa sababu wazazi wao, wakati wa ukame, waliwaandikisha Dadaab ili wapate mgao wa chakula. Alama za vidole zikabaki kwenye mashine ya wakimbizi, na mashine haielewi njaa.

Ukisafiri kutoka Garissa kwenda Nairobi, kilomita kama 370 kupitia Madogo, Bangale, Ukasi na Mwingi, utasimamishwa. Abiria wanashuka, vitambulisho mkononi, wanatembea kwenye mstari, wanapanda tena mbele. Sisi tumezoea hadi tunashuka tukiendelea na stori. Nimejaribu kuwaza binamu yangu kizuizini na nyumba yake. "Unatoka wapi?" Garissa. "Unaenda wapi?" Sijui bado. "Unakaa wapi?" Hapa. Hebu sema jibu hilo usiku, huku kwetu, kwa jina la Kisomali, uone kama utafika Mwingi kabla ya adhuhuri. "Sijui bado" ndilo jibu zuri kuliko yote katika maisha ya gari, ndilo wanalolipigia picha mtandaoni. Na ndilo jibu ambalo watu wetu hawajawahi kuruhusiwa kulitoa.

Si Kenya tu. Ujerumani kampuni ya Westfalia ilianza kugeuza magari ya Volkswagen kuwa nyumba ndogo mwaka 1951, na tangu hapo familia za Ulaya zimekuwa zikilala kando ya maziwa na kuitwa watalii. Uingereza, mwaka 2022, bunge lilipitisha sheria inayoweza kumfanya mtu mhalifu kwa kukaa na gari lake la kuishi kwenye ardhi bila idhini akikataa kuondoka, na kila mtu alijua inamlenga nani: Waroma na jamii nyingine za wasafiri ambao wameishi barabarani kwa vizazi. Gari ni lilelile. Kitanda ni kilekile. Mmoja ana anwani anayoweza kurudi Jumatatu, mwingine hana. Marekani, kitabu cha Jessica Bruder cha 2017, Nomadland, kilichokuja kuwa filamu na kushinda Oscar, kilifuata wazee wanaoishi ndani ya magari kwa sababu pensheni haitoshi kodi ya nyumba. Wengine walijiita watu huru. Nawaamini nusu. Uhuru unaoanza na kushindwa kulipa nyumba unahitaji jina lake.

Hivyo basi, nikirudi kwa binamu: je, ni haki kufanya kwa hiari, na kwa raha kidogo, jambo ambalo majirani zako wanalifanya kwa kulazimishwa, au wamelazimishwa kuliacha? Pembeni mwa mji kuna familia zilizofika baada ya misimu mitano ya mvua kukosekana mfululizo, kuanzia mwisho wa 2020. Walikuja na fito za aqal lakini mikeka imeisha; juu wameweka matambara, gunia na plastiki. Ngamia wa kuibeba hayupo tena. Hiyo nyumba imeegeshwa. Na mtaa wa pili mtu analipa fundi ili nyumba yake ipate magurudumu.

Kuna watakaosema hili ni dhihaka. Mimi siamini hivyo. Mtu kutembea hakumzuii mwingine kutembea, na binamu yangu akilala lojing'i hakuna ngamia atakayefufuka. Nadhani kosa lingekuwa mahali pengine: kusahau kwamba kuhama ni elimu, na kwamba walimu wako hapo pembeni ya mji. Mashirika yamewaandikia wale akina mama miradi ya kuwakalisha. Hakuna aliyewauliza tundu la hewa liwekwe wapi. Binamu aliwauliza. Mmoja wao alimwambia asiegeshe kamwe mlango ukiangalia upepo wa mchana na asilale kwenye laga hata kama mbingu ni safi, kwa maana mvua ya mbali haikutumii barua. Ushauri huo haupo kwenye video yoyote niliyoiona.

Na tukumbuke, wakati fulani serikali yenyewe ilijua hivi. Mwaka 1996 maktaba ya taifa tawi la Garissa ilianza kupeleka vitabu kwa ngamia, masanduku mgongoni, hema na mikeka vikifuata, hadi shule ambazo gari haliwezi kufika. Kwa mara moja, badala ya kuwaambia watu wasimame ndipo wahudumiwe, huduma ilifungwa kwenye tandiko na kuwafuata. Sijui kwa nini wazo hilo tunalichukulia kama kichekesho cha kuwaonyesha wageni.

Lakini upande mwingine wa hesabu nauona kila ninapotazama sakafu ile tupu. Eddo, mama yake binamu, anauliza swali moja tu, na analiuliza kila asubuhi: gari lililobeba watu 14, sasa linabeba nani? Anamaanisha pesa, ndiyo. Angependa libebe abiria wa Madogo au maziwa ya asubuhi. Mimi nasikia kingine ndani ya swali lake.

Tarehe 21 Desemba 2015, karibu na El Wak, basi lililokuwa likielekea Mandera lilishambuliwa na al-Shabaab. Mwaka mmoja kabla yake, Novemba 2014, katika basi lililotoka Mandera, abiria 28 wasio Waislamu walikuwa wametengwa na kuuawa. Safari hii washambuliaji waliwaambia Waislamu wajitenge. Wakakataa. Iliripotiwa kwamba wanawake waliwapa wenzao hijabu wajifunike. Mwalimu mmoja, Salah Farah, alipigwa risasi na kufariki Januari 2016. Wale watu hawakuwa ndugu. Walikuwa tu na tikiti za basi moja, wamebanana, pengine waliudhiana njia nzima kwa sababu ya dirisha na mizigo. Kubanana huko ndiko kulikowafanya wawe watu ambao haiwezekani kuwatenga.

Nyumba yenye mlango unaofunga vizuri haiwezi kufanya hivyo. Inakulinda dhidi ya maswali, dhidi ya jikoni la watu, dhidi ya mlango mbovu wa lojing'i. Haiwezi kukupa mtu wa kukataa kwa niaba yako. Hiyo ndiyo bei, na sitaki kumwambia binamu kwamba ni ghali mno, kwa sababu mimi ndiye niliyekaa mkekani miaka yote nikiletewa chai. Nilichomwambia ni hiki: jiko liko nyuma, mlango wa nyuma unafunguka nje. Ukifika boma la watu, chemsha wewe. Waite. Mama wa boma aketi, aletewe kikombe na mtu aliyetoka mbali. Sijui kama kuna jina la mgeni wa aina hiyo, anayefika na maji yake na kumkaribisha mwenyeji mlangoni kwake mwenyewe. Binamu alisema litategemea kama gesi imebaki.

Viti viwili ameamua kuvirudisha, nyuma ya dereva. Anadai ni kwa ajili ya NTSA, kwamba ukibadilisha matumizi ya gari lazima likaguliwe na logibuku irekebishwe, na viti vichache vitarahisisha maelezo. Ayeeyo anaamini kimoja ni chake. Ukaguzi ni Jumanne. Vile viti vingine viko nje kwa eddo, vimepangwa kwenye kivuli, bado vina namba na mikanda inaning'inia, na jioni wanawake wa mtaa huja kuvikalia, wakisubiri maziwa kutoka Madogo.